Glavu za Mkunga

Mke wangu ni mkunga, na mimi ni fundi wa kushona viti: vya pikipiki, vya sebuleni, hata vya kinyozi nimeshona. Nyumbani mimi namwita Mkunga na yeye ananiita Fundi, tangu siku ile alipokuja kibandani kwangu kulalamika kwamba kiti cha pikipiki yake kinavuja. Nikamwambia kiti hakivuji, kinanyonya. Akaniangalia juu hadi chini, akasema kama najua kuongea kiasi hicho basi kushona kutakuwa kazi ndogo. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tunabishana.

Kituo chake cha afya kiko juu mlimani, kilomita ishirini na mbili kutoka mlangoni kwetu, na anakwenda kwa pikipiki yake mwenyewe, kila siku ya kazi. Hiyo barabara ina kichaa. Ukiondoka kwetu bondeni asubuhi joto linakutaka uvue koti. Ukianza kupanda, ukungu huo. Ukifika katikati, manyunyu. Kule juu kabisa upepo unakupiga mpaka machozi yanatoka, halafu ukishaegesha pikipiki na kuvua helmeti, jua hilo linawaka kama vile halijafanya kosa lolote. Jioni ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma, na mvua ya kweli juu yake.

Sasa, mkunga ni mikono. Huyu wangu hagusi tumbo la mama mjamzito kwa mikono ya baridi, hata kuwe na foleni ya watu thelathini. Anaisugua, anaipuliza, anaitia kwapani, na wenye haraka anawaambia, "Ngojeni mikono ipate moto." Kina mama wa kule juu wamelizoea hilo neno mpaka wanataniana nalo sokoni. Akishaweka mikono, haongei. Anafumba macho, vidole vinatembea polepole, kisha anakuambia kichwa kiko hapa, mgongo uko huku, na huyu ni mtundu, jiandaeni. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia kwamba amekosea.

Mwaka jana mvua zilipoanza, binti yetu wa mwisho akaja na habari kwamba ana mimba. Ni kitinda mimba, kwa hiyo sisi tunamwita Kitinda, na amedeka ipasavyo. Akatangaza kwamba hataki hospitali kubwa, hataki daktari asiyemjua. Atakwenda kuzaa juu kwa mama yake, na mikono ya kwanza kumshika mtoto iwe ya bibi yake. Mume wake aliitikia kwa kichwa, maana yule kijana amekwisha kujua nafasi yake. Mkunga alifurahi mpaka kikombe kikamponyoka, chai yote chini. Tukacheka. Mimi nilidhani ni furaha.

Wiki hiyohiyo akaniambia kwamba mikono inamfa ganzi njiani.

Nikamwambia ni baridi. Jamani, wewe ungesema nini? Mtu anapanda mlima kwa pikipiki, ukungu, upepo, vidole viko mbele vinapigwa kwanza kuliko mwili wote, anakuambia ganzi. Nikamwambia tatizo lake ni glavu, na mambo ya ngozi na uzi aniachie mimi. Nikajipiga kifua kabisa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kwa sababu miaka yote hiyo kazi yake ndiyo ilikuwa kazi, yangu mimi ilikuwa ya kukalia.

Nilianza kwa Orijino. Orijino anauza vifaa vya pikipiki karibu na kituo cha mafuta, na jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kuuza kitu akakiri kwamba si orijino. Akanitolea glavu nyeusi nene, nje ngozi, ndani sufi, akasema hizi ni za hali zote za hewa, jua lije, mvua ije. Ili nisimbishie akachovya moja kwenye ndoo ya maji, akaitoa, akaigeuza, ndani kukavu. Niliporudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba aliichovya kwa muda wa kusema moja, mbili. Safari ya mke wangu ni dakika hamsini.

Zile glavu bondeni zilimtoa jasho mpaka viwiko. Katikati ya mlima jasho likapoa. Halafu zikanywa mvua, na glavu ya sufi ikinywa mvua haisahau: zilikaa kwenye kamba siku tatu, na bado ukizikamua zinatoa maji. Juu ya hayo zilikuwa nene mno hivi kwamba alikuwa akitaka kupiga honi anawasha indiketa. Alipita katikati ya kundi la ng'ombe akiwaonyesha kwamba anakata kushoto.

Nikamnunulia nyepesi, za matundumatundu. Bondeni akazisifu. Juu akafika hawezi kufungua vifungo vya koti.

Basi tukasema abebe zote mbili, abadilishe njiani. Kwa mdomo ni rahisi. Asimame kwenye kona, lori nyuma yake, avue moja avae nyingine, na mikono imeshalowa. Ukivua glavu kwa mkono uliolowa, bitana inatoka pamoja na vidole kama utumbo wa kuku, na kuirudisha ndani, kila kidole mahali pake, unahitaji kijiti na subira. Siku moja alifika kazini amevaa glavu moja nene na moja nyepesi. Wenzake walidhani ni mtindo.

Yeye mwenyewe akaja na ujanja wa watu wa kazi yake: akavaa glavu za mpira, zile za kuzalishia, chini ya zile nene. Maji ya nje hayaingii, akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyenishinda. Kweli hayakuingia. Jasho nalo halikutoka. Alifika juu vidole vimekunjamana na kupauka kama vya mtu aliyefua tangu alfajiri, na ganzi iko palepale.

Hapo nikasema sasa basi, nashona mwenyewe.

Nilimwekea mkono juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, nikauchora kwa penseli kidole kwa kidole. Ngozi nilichagua laini, ile ninayowawekea watu wenye kelele. Bitana nikaweka nyembamba viganjani ili asikie usukani, nzito mgongoni ambako upepo unapiga. Mishono nikaitoa kwenye ncha za vidole. Kwa mara ya kwanza niliona mikono ya mke wangu kama kazi, nikajua kila kifundo. Wiki nzima wateja walipita wanauliza viti vyao, nawaambia kesho.

Sisi watu wa viti tuna sheria moja: kitambaa lazima kipite juu ya fremu, kisha ukikaze chini. Kikilegea kinaingiza maji. Kwa hiyo na glavu nilizifanya hivyo. Shingo ndefu inayopita juu ya mkono wa koti, na kwenye kiungo cha kiganja mkanda wenye bizimu. Mtu yeyote anayeendesha pikipiki angeniambia maji ya mvua yanatoka begani, yanateremka kwenye mkono wa koti, yanaingia kwenye glavu iliyo juu yake kama kwenye ndoo. Hakuna aliyeniambia kwa sababu sikumuuliza mtu. Siku ya kwanza ya mvua Mkunga alifika kazini na vikombe viwili vya maji, kimoja kila mkono.

Mtu mwenye akili angekata shingo ya glavu iingie ndani ya koti. Mimi nikatoboa tundu jingine kwenye mkanda. Kiti kikivuja unakaza, ndivyo ninavyojua. Wiki iliyofuata nikatoboa jingine. Mwisho maji yakakoma kuingia, nami nikajiona bingwa.

"Fundi, inabana," aliniambia asubuhi moja.

"Ikibana ndiyo inafanya kazi," nikamjibu.

Hilo neno nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu, tena kwa kujivuna.

Asubuhi hiyohiyo nilitaka kuhakikisha mishono haimgusi kwenye ncha za vidole. Alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki, helmeti kichwani, injini inanguruma. Nikamshika mkono wa kulia, nikambinya kidole gumba juu ya glavu. Nikamuuliza, "Unasikia?"

"Sisikii."

Nikabinya cha pili, nikauliza tena. Sisikii. Nikasema moyoni, hii injini na hiyo helmeti. Nikamsogelea mpaka nikagusa helmeti kwa paji la uso, nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia dirishani. Unasikia? Akanitazama kupitia kile kioo, muda mrefu kidogo, halafu akasema haya, nasikia, ziko sawa. Akaondoka. Na mimi nikarudi kibandani nikawasimulia wateja kwamba mke wangu anaanza kuwa kiziwi, tukacheka sana.

Mambo mengine nayaona sasa. Aliacha kuvaa ile blauzi ya vifungo vidogo aliyoipenda. Aliniomba nimfungie mkufu, yeye asiyependa kusaidiwa hata kubeba gunia. Asubuhi alikuwa akiamka anakung'uta mikono kama mtu anayekausha maji. Funguo zilianguka, sindano ya kushonea ilianguka, na kila kilipoanguka nilimwambia uzee huo unabisha hodi. Alicheka na mimi. Nikiwaza kile kicheko chake natamani ardhi ipasuke.

Kitinda naye tumbo lilikuwa linakua. Kila alipokuja alijilaza kwenye kochi, anasema mama nishike, uniambie amekaaje. Na mama yake kila mara alisema mikono bado baridi, ngoja. Analeta chai, anaulizia habari za mkwe, muda unakwenda, binti anaondoka. Mwezi mzima mikono bado baridi. Mimi sikuona ajabu yoyote. Kwangu ulikuwa ni ushahidi kwamba glavu hazijakaa sawa, na nilishaanza kuchora nyingine.

Ilibaki wiki tatu. Jumapili moja saa saba mchana Kitinda alikuja, na siku hiyo joto lilikuwa la kukausha koo, mabati yanalia juu yetu, hata paka alikuwa amejilaza sakafuni. Akajilaza kwenye kochi, akavuta gauni juu, akasema leo hakuna cha baridi, mama, leo hata ukuta una moto. Tukacheka wote watatu.

Mkunga akasugua mikono. Akaiweka tumboni. Akafumba macho kama kawaida yake. Vidole vikatembea, vikarudi, vikatembea tena, na vilikawia kuliko nilivyozoea. Kisha akafumbua macho akasema kichwa kiko chini, vizuri kabisa, hakuna shida. Binti akashusha pumzi. Mimi nikasema alhamdulillahi, kama vile na mimi nilikuwa na mtihani.

Kitinda alipoona nimesimama tu pale, akanivuta mkono akisema, "Baba nawe sikia, anacheza." Akauweka chini ya mbavu zake. Mimi si mkunga. Mimi najua sponji, najua mbao, najua chemchemi iliyolegea chini ya kitambaa. Lakini kushika kitu kilichofunikwa na kujua kilicho ndani ndiyo kazi yangu, na chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu cha mviringo, kigumu, kikubwa kama chungwa la kwanza la msimu. Nikakisukuma kidogo, kikacheza peke yake, kikarudi.

Nikauliza, bila nia yoyote mbaya, hiki kigumu huku juu ni nini.

Mkunga alikuja haraka. Akaweka mkono wake palepale nilipotoa wangu. Akabonyeza. Akabadilisha mkono. Akabonyeza tena. Nilikuwa namtazama usoni, na jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Sisikii."

Hapakuwa na helmeti. Hapakuwa na injini. Chumba kilikuwa kimya hata nikasikia saa ya ukutani, na mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu, mkono wake juu ya kichwa cha mjukuu wake, ananiambia neno lilelile aliloniambia asubuhi ile, mara mbili, nami nikampigia kelele. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi, juu ya gauni la binti yangu, mpaka akaniambia Baba unanivuta.

Siku ileile tulimpeleka Kitinda hospitali kubwa. Wakampiga picha. Mtoto alikuwa amekaa kichwa juu, makalio chini, na kwa jinsi alivyokaa daktari hakutaka hata kusikia habari za kuzalia mlimani. Akapanga upasuaji. Kitinda alilia, siyo kwa woga wa kisu. Alimuuliza mama yake mbele yetu, "Mama, kwa nini uliniambia kiko chini?"

Mkunga hakujitetea. Alisema alitaka sana kiwe chini.

Njiani kurudi ndipo akanieleza yote. Gumba na vidole viwili vinavyofuata, mikono yote miwili, havijui tena kitu laini na kitu kigumu. Ilianza kwa ganzi ya asubuhi, ikaja ikakaa. Kazini alikuwa akishashika tumbo anamwita muuguzi mdogo ashike baada yake, anajifanya anamfundisha, anasikiliza msichana atasema nini, kisha anaitikia kwa kichwa kama mwalimu. Hakuna mama aliyedhurika, aliniapia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Nilikuambia, Fundi. Ukaninunulia glavu."

Tukaenda kwa daktari wa mishipa. Akamgonga kwenye kiungo cha kiganja, akampima kwa pini na pamba, akasema mshipa wa fahamu umebanwa hapa, na umebanwa muda mrefu. Mngekuja mapema, akasema, kama wanavyosema wote. Watapasua, maumivu yatapungua, lakini hisia za vidole asizitegemee zirudi kama zamani. Nilitoa ile glavu mfukoni, nikaweka mkanda mezani kwake, nikamwonyesha matundu niliyotoboa. Nikamuuliza kama ni huu. Akautazama, akasema hapana, mkanda peke yake hauwezi, ni miaka mingi ya kazi, ni mtikisiko wa pikipiki, ni mwili wenyewe. Halafu akaongeza kwamba bila shaka chochote kinachobana hapo hakisaidii. Sentensi ya kwanza Mkunga huwa ananikumbusha. Ya pili naikumbuka mwenyewe.

Siku ya upasuaji wa Kitinda tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi, Mkunga na mkwe, aliyekuwa anahesabu vigae vya sakafu. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza juu ya vichwa vyetu. Mkunga alikuwa ameweka mikono kwapani tangu tulipoingia. Nikamwambia, kwa upole, kwamba leo si yeye anayezalisha. Akasema anajua. Lakini hakuitoa.

Mlango ukafunguka, akatoka muuguzi aliyevaa glavu za mpira, amebeba furushi. Wa kike, akasema, na mama yake mzima. Mkwe akaanza kulia bila aibu. Muuguzi alimfahamu Mkunga, maana watu wa kazi hiyo wanajuana, kwa hiyo akampita baba mtu akamletea yeye moja kwa moja. Akafunua kidogo, mgongo mdogo ukaonekana, akasema karibu bibi, shika.

Mkunga alitoa mikono kwapani. Akaisugua. Akaitazama, huku na huku, kama vitu vya mtu mwingine alivyoazimwa. Kisha akanigeukia, akaninyooshea yote miwili.

"Fundi, hebu shika," akasema. "Imepata moto?"

Nikaishika. Ilikuwa baridi kama usukani asubuhi. Nikamwambia bado kidogo, nikafungua koti langu nikaitia kwapani kwangu mimi, na muuguzi akangoja.